Sitara ya Msafiri: Historia ya Kibanda cha Kungojea Basi

Kungoja ni kazi isiyo na mshahara. Mtu angojaye basi hafanyi kitu ambacho jirani yake aweza kukiona na kukisifu. Walakini hutoa mali iliyo bora kuliko fedha, nayo ni saa za uhai wake. Huzitoa asubuhi aendapo kazini, huzitoa jioni arudipo kwake, na saa hizo zikikusanywa mwisho wa mwaka huwa siku nyingi. Miji imejenga majumba makubwa kwa ajili ya wale wahukumuo, wauzao, wafundishao na watawalao. Kwa wale wangojao imejenga, ikiwa imejenga, paa dogo juu ya nguzo chache. Historia ya paa hilo ni fupi na huonekana nyonge, lakini ndani yake limo swali kubwa: mji unapoamua nani apate kivuli, humtazama nani?

Neno basi lenyewe lilizaliwa na ahadi. Ni kipande cha mwisho cha neno la Kilatini, omnibus, lenye maana ya "kwa ajili ya wote". Mwaka 1826 Stanislas Baudry, katika mji wa Nantes nchini Ufaransa, alianzisha magari ya farasi yaliyochukua watu mbalimbali kwa nauli katika njia maalumu. Mwaka 1828 magari ya namna hiyo yakaanza kazi Paris, na mwaka 1829 George Shillibeer akaanzisha yake London, kati ya Paddington na Bank. Tajiri alikuwa na gari lake na farasi wake. Sasa asiye na farasi naye aliweza kuketi. Lakini katika siku zile za mwanzo mtu wa London hakwenda kituoni. Alisimama popote njiani, akainua mkono, na gari likasimama. Pasipo kituo hapawezi kuwa na kibanda, kwa maana haijulikani mvua itamkuta abiria mahali gani. Ahadi ya "kwa ajili ya wote" ilianza pale mtu alipopanda garini. Kabla ya kupanda, kila mmoja alijitafutia hifadhi yake mwenyewe.

Sitara ambayo barabara za London ziliizoea mapema haikuwa ya abiria, bali ya waendeshaji. Dereva wa gari la farasi la kukodi hakuruhusiwa kuliacha gari lake peke yake kituoni. Alikaa juu ya kiti chake katika baridi na mvua, au alivunja sheria akaingia kilabuni kunywa ili apate moto. Husimuliwa kwamba mwaka 1875 mhariri mmoja wa gazeti alimtuma mtumishi wake kutafuta gari siku ya dhoruba ya theluji. Magari yalikuwapo, lakini madereva walikuwa wamekimbilia vilabuni. Mwaka huohuo watu wa hisani, pamoja nao Lodi Shaftesbury, walianzisha mfuko wa kuwajengea madereva vibanda. Hadi mwaka 1914 vilikuwa vimejengwa 61. Vilikuwa vibanda vya mbao vilivyopakwa rangi ya kijani, ndani mna mabenchi, meza na jiko dogo la kupikia. Kwa kuwa vilisimama juu ya barabara ya watu wote, havikuruhusiwa kuchukua nafasi kubwa kuliko ile ya farasi mmoja na gari lake. Pombe, kamari na mabishano ya siasa vilikatazwa humo. Vibanda 13 vya namna hiyo vimesalia hata leo.

Katika habari hii ndogo mna mafunzo mawili. La kwanza ni la usanifu: kipimo cha kibanda hakikutoka katika matakwa ya fundi, bali katika barabara yenyewe. Barabara ni ya wote, na kila anayetaka kujenga juu yake huomba nafasi kutoka kwa wengine. La pili ni la maisha. Mvua haikuwapiga madereva peke yao. Iliwapiga pia abiria. Lakini dereva alipata mtu wa kumsemea, tena mtu huyo alikuwa na haja ya gari. Sitara ilimfikia yule ambaye taabu yake ilimgusa mwenye sauti. Jambo hilo litaonekana tena katika kila sura ya historia hii.

Karne ya 20 ilileta basi la injini, na mwendo wake ukabadili desturi za barabara. Gari zito lililojaa watu halikuweza kusimama kila hatua ishirini kwa kila mkono ulioinuliwa. Ratiba ilitaka vituo, na vituo vilitaka alama. Mwaka 1933 London iliweka usafiri wake wa abiria chini ya bodi moja, na mwaka 1935 msanifu Hans Schleger alichora alama ya kituo cha basi, duara lililokatwa na mstari, iliyofahamika kwa mtu aliyeko mbali. Hapo kungoja kukapata mahali pake. Watu waliokuwa wametawanyika barabarani wakakusanyika penye nguzo moja, wakapanga mstari, na taabu yao ikaonekana. Mtu mmoja anayelowa ni bahati mbaya yake. Watu thelathini wanaolowa mahali palepale, kila siku, ni aibu ya mji.

Lakini aibu haijengi. Mji mkubwa una vituo vingi sana, na gharama ya kujenga kibanda ni nusu tu ya hesabu. Nusu ya pili hailipwi siku moja ikaisha. Kioo huvunjika, paa huvuja, benchi hung'olewa, taka hujaa, taa huungua. Halmashauri iliyokata utepe kwa furaha huchoka kufagia kimya kimya. Basi swali la pili likawa gumu kuliko la kwanza: nani atalipa, tena atalipa kila siku?

Jibu lililoenea kuliko mengine lilitoka Lyon, nchini Ufaransa. Jean-Claude Decaux alikuwa kijana wa biashara aliyepata riziki yake kwa mabango ya matangazo kando ya barabara kuu. Mwaka 1964 sheria mpya ilitoza mabango hayo kodi nzito, na biashara yake ikaelekea ukingoni. Aliligeuza wazo lake. Alimwendea meya wa Lyon, Louis Pradel, akaahidi kuupa mji vibanda vya kungojea basi bila malipo, avisimamishe yeye, avisafishe yeye, avitengeneze yeye. Badala yake apewe haki ya kuuza matangazo yatakayobandikwa ubavuni mwa vibanda hivyo. Mji ulikubali. Kutoka Lyon mpango huo ulienea Ufaransa, kisha ukavuka mipaka ukaingia miji mingi ya dunia.

Haifai kuubeza mpango huu. Watu wengi sana walipata paa ambalo halmashauri zao zisingeweza kulijenga, na lililo kubwa zaidi, walipata paa lililofagiwa. Mwenye kuuza tangazo hataki lionekane nyuma ya kioo kichafu. Faida yake ilimlazimisha kuwa msafi. Walakini kila zawadi huja na macho ya mwenye kuitoa. Tangazo huwekwa mbele ya wanaonunua, nao hawakai mitaa yote sawasawa. Njia kuu yenye maduka na magari mengi ina thamani kwa mtangazaji. Mtaa wa pembezoni, ambako watu hungoja muda mrefu kwa sababu mabasi ni machache, hauna thamani kubwa. Mji usipoandika katika mkataba kwamba kwa kila kibanda cha katikati pawe na kingine cha pembezoni, kivuli hufuata fedha kama maji yafuatavyo bonde. Tena umbo lenyewe hugeuka. Ubavu unaofaa kuzuia upepo huwa ukuta wa bango, na pengine bango hilo humficha abiria basi analolingojea. Kibanda cha Lyon kilijengwa vizuri, lakini kilijengwa kikiwatazama wapitao kwanza, na wangojao baadaye.

Jibu la tatu lilitoka Curitiba, mji mkuu wa jimbo la Paraná nchini Brazili. Mji huo ulikuwa umepata mpango wake mkuu mwaka 1966, na mwaka 1974 ulifungua njia za barabara zilizotengwa kwa mabasi peke yake. Meya wake katika vipindi vitatu tangu mwaka 1971 alikuwa Jaime Lerner, msanifu wa majengo kwa elimu yake. Curitiba haikuwa na fedha za kuchimba reli ya chini ya ardhi, basi ikauliza jinsi ya kulifanya basi litende kazi ya treni. Njia ya peke yake ilisaidia, lakini haikutosha. Wasanifu walipotazama basi likiwa kituoni waliona ubovu ambao mashine haikuwa na dawa yake: muda ulipotea mlangoni. Abiria alipanda ngazi, akatafuta sarafu, akalipa, akangoja chenji, na nyuma yake watu hamsini wakangoja naye, ndani na nje.

Mwaka 1991 Curitiba ilisimamisha vituo vya namna mpya. Kila kituo kilikuwa mfano wa mwanzi mkubwa uliolazwa kando ya barabara: bomba la chuma na vioo vilivyopindwa, sakafu yake imeinuliwa ilingane na sakafu ya basi. Abrão Assad alikuwa miongoni mwa wasanifu wake. Abiria alilipa nauli alipoingia bombani, si alipoingia basini. Basi lilipofika lilikaa sambamba na kituo, milango ikafunguka, vibao vikashuka kuziba mwanya, na watu wakavuka kama wavukavyo kizingiti cha nyumba. Mtu wa kiti cha magurudumu aliinuliwa kwa lifti ndogo kwenye mlango wa kituo, kisha akaingia basini bila kubebwa na mtu. Mwaka uliofuata vituo vya namna hiyo vikaanza kupokea mabasi marefu yenye viungo viwili, yaliyokadiriwa kuchukua watu 270.

Ubora wa jambo hili haukuwa katika umbo lake la kushangaza, ingawa umbo ndilo lililopigwa picha na kusambazwa duniani. Ubora wake ulikuwa katika fikira. Wajenzi wengi waliotangulia walidhani kibanda ni mahali pa kustahimilia kungoja. Curitiba ilidhani kibanda ni mwanzo wa safari: yale yaliyokuwa yakilichelewesha basi yamalizwe na abiria akiwa bado kivulini. Kwa hiyo kibanda hakikupunguza taabu ya kungoja tu, bali kilipunguza kungoja kwenyewe. Hiyo ndiyo tofauti kati ya kumpa mgonjwa mto na kumpa dawa.

Hata hivyo kazi ya binadamu haikosi doa. Curitiba imeinuka zaidi ya meta 900 juu ya bahari, na kwa miji ya Brazili hujulikana kwa baridi yake. Bomba la kioo lilizuia upepo na mvua, lakini siku ya jua kali liligeuka tanuri, na malalamiko ya joto yalikuwa ya kweli. Sitara iliyosanifiwa kwa baridi haiwi sitara penye jua. Somo hili lilistahili kukumbukwa na kila mji ulioazima fikira ya Curitiba, na miji hiyo ilikuwa mingi. Bogotá, nchini Kolombia, chini ya meya Enrique Peñalosa, ilianza mabasi yake mwaka 2000, ikijenga vituo vikubwa katikati ya barabara pana. Kwa njia ya Bogotá fikira hiyo ikavuka bahari, ikafika Afrika, na ikatia nanga Dar es Salaam.

Dar es Salaam ilikuwa na historia yake ya kungoja. Kampuni ya mabasi ya DMT ilifanya kazi mjini tangu mwishoni mwa miaka ya 1940, ikataifishwa mwaka 1970, na mwaka 1974 kazi yake ikagawanywa: UDA ikachukua usafiri wa mjini, na KAMATA ikachukua safari za mbali. Mji ulikua upesi kuliko mabasi yake. Vipuri vilikuwa haba, barabara mbovu, na mwaka 1983 Serikali ikaruhusu magari ya watu binafsi kubeba abiria. Hayo ndiyo yaliyokuja kuitwa daladala, kwa kufuata dala, yaani shilingi 5. Daladala ziliuokoa mji usikwame. Sifa hiyo ni haki yao. Lakini abiria wa daladala alirudi katika hali ya mtu wa London ya zamani: aghalabu alingoja penye mwembe, penye kibaraza cha duka, au ukingoni mwa barabara, akimsikiliza konda kuliko kutazama alama. Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Methali hiyo ilimwahidi mtu kwamba jua lina mwisho wake. Msafiri wa Dar es Salaam aliyechumia juani alitoka kazini akasimama tena juani, na kivuli chake, kama kilikuwapo, alikipata kwa mti aliopandwa na mtu mwingine bila kumfikiria yeye.

Mwaka 2007 uliundwa Wakala wa Mabasi Yaendayo Haraka, na Mei 2016 mabasi hayo, ambayo watu waliyaita mwendokasi, yakaanza kazi katika njia ya takriban kilometa 21, kutoka Kimara kwa Barabara ya Morogoro hadi Kivukoni, pamoja na matawi ya Morocco na Gerezani. Vituo vilijengwa katikati ya barabara, kwa sakafu iliyoinuliwa. Nauli ililipwa kabla ya kupanda. Mzee mwenye fimbo, mama mwenye mtoto mgongoni na mtu wa kiti cha magurudumu, ambao kwenye mlango wa daladala walikuwa wa mwisho siku zote, sasa waliingia kwa mlango uleule na kwa urefu uleule kama kijana mwenye nguvu. Mwaka 2018 mji ulipewa tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu, na kwa fikira ile iliyouongoza ulistahili.

Lakini hapo pia ikaonekana kwamba paa halilishi njaa ya basi. Mpango wa awamu ya kwanza ulikadiria mabasi 305. Kazi ikaanza na 140. Karakana ya Jangwani, iliyojengwa katika bonde la mto Msimbazi, ilivamiwa na mafuriko zaidi ya mara moja, na mabasi yakaharibika. Watu wakajazana katika vituo vizuri wakingoja mabasi yasiyotosha. Curitiba ilikuwa imetunga kibanda ili kufupisha kungoja; basi lisipokuja, kibanda hicho hurudi kuwa paa juu ya watu waliochoka, na huzidi kwa hili, kwamba aliyekwisha kulipa nauli hana uhuru wa kuondoka bila hasara.

Historia hii, toka jiko la madereva wa London hadi sakafu ya Kimara, yaweza kumfaa mtu atakayekabidhiwa kazi ya kupanga vibanda vipya katika mji wa pwani. Itamwambia kwanza atazame jua kabla ya kutazama michoro ya wageni. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Saa sita mchana jua hukaa karibu na utosi, na paa la kawaida hutosha. Taabu ni asubuhi na jioni, saa zilezile ambazo watu wengi husafiri, jua linapopenya kwa ubavu kutoka mashariki au magharibi. Katika barabara iendayo kaskazini na kusini, kibanda kilicho wazi upande wa barabara hupigwa jua usoni ama asubuhi ama jioni. Ndiyo sababu pengine watu huonekana wamesimama nyuma ya kibanda, penye kivuli chake, na ndani hamna mtu. Mjenzi asiwacheke, wao ndio waliosahihisha mchoro wake. Paa na lichomoze mbele, ubavu uwe na vibao vinavyozuia mwale na kupitisha upepo, na mwembe uliokuwapo usikatwe ili kupisha kivuli cha bati.

Itamwambia pia kwamba masika hayanyeshi wima, na kwamba sakafu iliyo chini ya kiwango cha barabara ni bwawa. Angojaye aone basi lijapo bila kuinuka. Taa iwepo, kwa kuwa mwanamke atokaye kazini usiku hahitaji kivuli, bali mwanga. Na jina la atakayefagia, pamoja na fungu la kumlipa, liandikwe katika daftari siku ileile liandikwapo jina la mjenzi.

Zaidi ya hayo yote, itamwambia aanze kwa kwenda kusimama pale ambapo hana haja ya kusimama. Madereva wa London walipata vibanda kwa sababu mtu mmoja mwenye sauti alikosa gari siku ya dhoruba. Lyon ilipata vyake kwa sababu mfanyabiashara alitafuta mahali pa bango. Curitiba peke yake, katika habari hizi, ilianza kwa kumtazama abiria mwenyewe mlangoni, ikahesabu muda aliopoteza akitafuta sarafu, na kuuona muda huo kuwa mali ya mji. Mahesabu kama hayo hayafanyiki ofisini. Hufanyika saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ukingoni mwa barabara, pamoja na watu wanaotazama upande mmoja na kunyamaza. Basi, ambalo jina lake ni ahadi kwa wote, lilichukua zaidi ya karne moja na nusu kufika kwenye fikira hiyo, na katika vituo vingi vya mji bado halijafika.